Kiduha Hakianzi Juu ya Ardhi: Mhadhara wa Umma kuhusu Shamba na Maisha ya Mkristo



Mimi ninafundisha sayansi ya udongo. Kanisani ni muumini wa kawaida, sina daraja lolote. Jioni ya leo nimeomba kuyazungumza yote mawili kwa pamoja, udongo na imani, kwa sababu katika maisha yangu hayajawahi kutengana.

Hoja yangu ni hii. Shamba humfundisha Mkristo jambo ambalo ni gumu kufundishika kwa maneno, yaani namna ya kufanya kazi kwa bidii yote huku ukijua kwamba matunda yake hutoka mkononi mwa Mungu. Wanateolojia wamelijadili jambo hilo kwa karne nyingi chini ya kichwa cha neema na matendo, na maktaba zimejaa. Mkulima analiishi kila msimu. Lakini makanisa yetu yamezoea kulifanya shamba kuwa pambo la mahubiri. Zinatajwa mbegu, yanatajwa magugu, yanatajwa mavuno, watu wanaitikia amina, kisha tunaendelea na matangazo. Kazi yenyewe inarukwa, na somo limo ndani ya kazi.

Nabii Isaya hakuiruka. Katika sura ya 28, kuanzia aya ya 23, anawasimamisha watawala wa Yerusalemu na kuwaelekeza wamtazame mkulima. Anasema mkulima halimi siku zote. Akishasawazisha ardhi yake anapanda, na kila mbegu anaiweka mahali pake. Jira haipurwi kwa gurudumu zito, inapigwa kwa fimbo. Hata ngano, ambayo inastahimili gari la kupuria, haipondwi bila mwisho. Na maarifa hayo yote, anasema nabii, mkulima amefundishwa na Mungu wake.

Wenzetu wa Lindi na Mtwara wataielewa sura hiyo haraka kuliko mwanafunzi wa Kiebrania. Mahindi makavu unaweza kuyajaza kwenye gunia ukayatwanga kwa fimbo, na punje ikabaki salama. Ufuta hautaki hivyo. Ufuta unakatwa kabla vitumba vyote havijapasuka, unafungwa matita, matita yanasimamishwa yakaukie wima, kisha unatandika turubai, unalipindua tita kichwa chini na kulikung'uta kwa mkono. Ukiupiga kama mahindi, mbegu zinarukia mchangani na hazikusanyiki tena. Mkulima hauonei ufuta huruma kwa kuukung'uta polepole; anaufahamu ulivyo. Na mimi nawaona wazazi na wachungaji wengi wanaobeba fimbo moja kwa watoto wote na kwa waumini wote, wakiamini kwamba ukali ule uliomsaidia mmoja utamsaidia na mwingine. Isaya angewapeleka shambani wakati wa mavuno ya ufuta.

Hapa nieleze kikwazo kimoja kinachotuzuia kusikia somo la namna hiyo. Katika shule zetu tumeligeuza jembe kuwa adhabu. Mtoto akichelewa namba, anapewa eneo la kufyeka. Akishindwa hesabu, anatumwa kulima matuta ya mwalimu. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa 1967, ulikusudia mashamba ya shule yawe sehemu ya elimu yenyewe. Katika shule nyingi lililobaki ni jembe la mkosaji. Mtoto aliyekua hivyo, ukimwambia akiwa na miaka thelathini kwamba kuna sauti ya Mungu katika palizi, atakusikia kwa kutu ya kumbukumbu zile.

Na Biblia haiko upande wa adhabu hiyo. Mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza katika Mwanzo 2:15, kabla ya dhambi kuingia. Miiba na jasho vinakuja sura ya 3. Kazi ya shamba ilitangulia laana, na ni kosa kubwa la malezi kuwafundisha watoto wetu kinyume chake.

Sasa nianze na mvua ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoanzisha msimu.

Mwaka 1958 mtafiti aliyeitwa H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichapisha matokeo ambayo hadi leo wanasayansi wa udongo duniani kote wanayaita kwa jina lake. Alichokionyesha ni kwamba udongo uliokauka sana, ukiloweshwa, hauamki kidogo kidogo. Viumbe vidogo vilivyomo humo vinashtuka na kuanza kuvunja mabaki ya mimea kwa kasi kubwa, na katika muda mfupi naitrojeni nyingi inaachiliwa, ile ambayo mmea unaweza kuila. Mlipuko huo haudumu. Udongo ukiendelea kulowa, kasi inapungua, na mvua kubwa zinazofuata zinaishusha naitrojeni chini, mizizi michanga isikofika.

Wazee wetu hawakuwa na maabara ya Muguga, lakini walijua kwamba mahindi yaliyowahi mvua ya kwanza yanakuwa na rangi ambayo yale ya wiki mbili baadaye hayaipati. Ndiyo maana wengine wanapanda kwenye vumbi kabisa, mbegu ikae tayari. Mabwana shamba wanasisitiza kuwahi, na sababu mojawapo ni hii.

Tazameni basi kilicho cha mkulima na kisicho chake. Mvua hakuileta. Wale viumbe wa udongoni hakuwaumba, na wengi wetu hatujawahi kuwaona. Naitrojeni ile hakuinunua dukani. Imetolewa bure, kwa aliyestahili na asiyestahili, kwa shamba la mlevi na la mzee wa kanisa. Lakini aliyekuwa hajatayarisha shamba, zawadi ile ilimpita. Hakunyimwa. Ilifika, ikakaa kidogo, ikashuka. Ninaposoma onyo la Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 6, kwamba watu wasiipokee neema bure na kwamba wakati uliokubalika ni sasa, ninaiona ile wiki ya kwanza ya masika. Bidii ya mkulima haizalishi neema. Bidii yake ni kuwa na mbegu ardhini neema inapokuja.

Nije sasa kwa jambo lililonipa kichwa cha mhadhara huu, na hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Ukizunguka Ziwa Viktoria, upande wetu wa Mara na Mwanza, na ng'ambo ya mpaka huko Nyanza, utakuta gugu zuri lenye maua ya rangi ya zambarau iliyopauka, limesimama katikati ya mahindi. Kwa Kiswahili ni kiduha. Wajaluo wanaliita kayongo. Ukanda wa mashariki tunalo la jamii hiyohiyo lenye maua mekundu. Mgeni hulipiga picha. Mwenye shamba akiliona moyo unamwenda chini.

Nilikuwa na wanafunzi wangu katika shamba la mama mmoja wa Rorya, naye alikuwa anang'oa kiduha kimoja kimoja na kukitia kwenye ndoo, hakitupi chini. Mwanafunzi akamuuliza kama mahindi yake yatapona baada ya palizi ile. Akajibu bila kuinua kichwa: "Hapana, mwanangu. Hiki ukikiona, kimeshakula."

Jibu lile ni sahihi kisayansi kuliko alivyoweza kufikiri mwanafunzi. Kiduha hakishindani na mahindi kwa mwanga na nafasi kama magugu mengine. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu hizo. Zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Mahindi yakimea karibu, mbegu inaamka, inatoa mzizi mfupi, unauparamia mzizi wa mahindi, unaupenya na kuanza kunyonya maji na chakula. Kwa wiki kadhaa yote hayo yanafanyika gizani. Juu unaona mahindi yamedumaa na kusinyaa kana kwamba yana kiu, hata kama mvua inanyesha. Kiduha kinapochomoza na kuchanua, sehemu kubwa ya hasara imeshatokea.

Kinaamshwa na nini? Hili ndilo linalonigusa kila ninapolifundisha. Mmea wenye njaa, hasa ukikosa fosforasi, hutoa mizizini kemikali maalumu kwa viwango vidogo sana. Kwa miaka mingi wanasayansi walijua kwamba kemikali hizo zinaamsha kiduha, lakini hawakuelewa kwa nini mmea utoe kitu cha kumwita adui. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha sababu: kemikali hizo ni wito kwa kuvu wema wa udongoni, wanaoungana na mizizi na kuiletea chakula kutoka mbali. Mahindi yanaomba msaada. Yanamwita rafiki, na kiduha kinausikia wito uleule na kuwahi kufika.

Ndiyo sababu kiduha ni gugu la udongo uliochoka. Pale ambapo mahindi yamepandwa juu ya mahindi mwaka hadi mwaka bila samadi wala mikunde, kinastawi. Udongo ukilishwa, wito wa njaa unapungua, na kiduha kinapungua pia.

Wachungaji wangu, sote tumekaa vikao vya wazee wa kanisa ambako kijana ameletwa kwa kuwa amezama katika kamari ya simu, au binti kwa kuwa amekimbilia kwa mtu asiyefaa, au baba kwa kuwa ameangukia pombe. Kikao kinafanya palizi. Anatengwa, anaandikiwa barua, jina linasomwa madhabahuni. Naomba tujiulize kile ambacho kikao hakiulizi kamwe: huyu mtu alikuwa na njaa ya nini, na aliita msaada lini, na ni nani aliyemsikia? Mara nyingi aliita. Alifika kwenye vikundi, alikaa nyuma, alisubiri baada ya ibada mtu amsalimie. Aliyewahi kumjibu ni kamari. Tulipokuja kuliona ua la zambarau, alikuwa ameshaliwa.

Sisemi nidhamu ya kanisa iachwe. Yule mama wa Rorya alikuwa bado anang'oa, na alikuwa na sababu nzuri: kiduha kiking'olewa kabla ya kumwaga mbegu, anaokolewa atakayelima pale miaka ijayo, labda mjukuu wake. Palizi ile ni upendo kwa wanaokuja. Ila tusidanganyike kwamba inamtibu yule aliyekwisha kudhoofika. Yeye anahitaji udongo.

Na udongo unaweza kutibiwa. Huko Mbita, ukingoni mwa ziwa upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walikuwa wakitafuta namna ya kuwafukuza funza wa mabua. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, na matete pembezoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu iliwafukuza nondo wanaozaa funza hao, na matete yakawavuta nje. Wakulima wanakiita kilimo cha vuta-sukuma. Katika majaribio hayohayo Dakta Zeyaur Khan na wenzake waliona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilitoweka. Mizizi yake inaziamsha mbegu za kiduha, halafu inazuia kimelea kisishike mzizi wa mahindi. Kiduha kinaamka, kinakosa pa kunyonya, kinakufa. Wakati huohuo desmodiamu inarudisha naitrojeni ardhini, inafunika udongo usichomwe na jua, na inalisha mifugo. Inakaa pale miaka, msimu baada ya msimu, karibu na mahindi.

Yule mtunza shamba la mizabibu katika Luka 13 alikuwa na akili ya namna hiyo. Bwana wake amekuja kwa miaka mitatu mfululizo na hakupata tini hata moja, anataka mti ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi. Hatumii mwaka huo kuuhubiria mti. Anataka kulima kandokando yake na kutia samadi. Aliona mti usiozaa, akautazama udongo.

Baada ya kusema hayo, siwezi kupita bila kuyagusa mahubiri yanayojiita ya kupanda mbegu. Mmeyasikia redioni na viwanjani: toa fedha hii, ni mbegu, utavuna mara mia. Wanaotoa wengi ni wakulima, na wengine wametoa fedha ya mbegu za kweli. Mimi nasema waziwazi kwamba mahubiri hayo ni matusi kwa shamba na kwa Injili. Mkulima yeyote anajua kwamba mbegu haimwekei Mungu mkataba. Katika mfano wa mpanzi, mbegu ilianguka mahali pa namna nne, na pa namna tatu hapakuzaa. Katika Marko 4, yule aliyepanda analala na kuamka, na mbegu inakua asijue inavyokua. Wale waliolima vizuri kabisa mwaka wa El Nino, 1997 kuelekea 1998, waliona mashamba yakisombwa na maji, nao hawakuwa na imani haba kuliko mimi na wewe. Nabii Habakuki alitaja mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula na zizi lisilo na ng'ombe, na bado akaamua kumfurahia Bwana. Huyo ndiye mkulima ninayemfahamu. Msimu ukiharibika anakopa mbegu na kurudi shambani, na hakuna anayemlipa kwa kufanya hivyo.

Nimalizie kwa watu ambao mara nyingi hatuwataji tunapozungumza habari za shamba, kwa sababu shamba tunaliandika kwa jina la mwenyewe. Nawataja vibarua.

Wakati wa palizi, kibarua anapimiwa ngwe. Anaingia alfajiri kabla umande haujakauka, na malipo ni kwa ngwe aliyomaliza. Kila mji mdogo una kona ambako watu wanasimama na majembe yao tangu saa kumi na mbili wakingoja wa kuwachukua. Hao ndio watu wa Mathayo 20. Mwenye shamba anawakuta wengine wamesimama hadi saa kumi na moja jioni, anawauliza kwa nini wamekaa bure, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Halafu anawalipa dinari nzima, sawasawa na waliotangulia. Nimesikia mfano huo ukihubiriwa mara nyingi kwa habari ya wokovu wa dakika ya mwisho, na maelezo hayo yana nafasi yake. Lakini dinari ilikuwa ujira wa kutwa, chakula cha nyumba kwa siku hiyo. Ukimpa mtu sehemu ya dinari kwa kuwa alilima saa moja, watoto wake wanalala na sehemu ya chakula. Bwana yule alihesabu midomo nyumbani kwa kibarua, hakuhesabu ngwe.

Sheria ya Musa inasema jambo hilo bila mfano wowote. Kumbukumbu la Torati 24:15 linaagiza mfanyakazi alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Yakobo 5:4 inaenda mbali zaidi: mishahara iliyozuiwa ya waliovuna inapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Sasa nawauliza wenzangu tulioajiriwa, tunaolima kwa simu siku za wiki na kwenda shambani Jumamosi. Ni mara ngapi kibarua ameambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu tajiri hajatoa fedha benki? Ni mara ngapi ngwe imepimwa kwa hatua ndefu ya msimamizi na kulipwa kwa hatua fupi? Mambo hayo yanafanywa na watu wanaotoa fungu la kumi la mavuno hayohayo, kwa gunia lililofungwa vizuri, mbele ya kanisa. Gunia lile lina jasho la mtu ambaye hajalipwa, na sidhani kama Mungu analipokea.

Nina maombi matatu, na ninayatoa kwa waliomo ukumbini humu.

Wakuu wa vyuo vya theolojia, mpeni kila mwanafunzi eneo dogo la kulima kwa msimu mzima, alilime mwenyewe tangu kutayarisha hadi kuvuna, na asipewe kamwe kama adhabu. Atahubiri Marko 4 kwa namna nyingine.

Wachungaji, mnafika nyumbani kwa waumini wakati wa mavuno, kuna kuku na kuna shukrani. Fikeni wakati wa palizi ya kwanza, wiki chache baada ya mvua, chakula kimekwisha ghalani na watu wamechoka. Ndipo mtakapojua nani ana njaa, na ya nini.

Na sisi wenye mashamba: leo ni siku ya kazi, na wapo waliokuwa katika mashamba yetu tangu alfajiri. Kama kuna ambaye hajalipwa, simu mnazo mifukoni na fedha hutumwa kwa dakika moja. Mlipeni kabla hamjatoka ukumbini humu.